Msichana Aliyetafuta Skuli: Maoni Juu ya Filamu ya Hana Makhmalbaf



Neno senema halina sifa njema katika nyumba nyingi za pwani. Wazee wetu wakilisikia hukumbuka ulevi, nguo zisizositiri na vijana wanaorudi usiku wa manane, wala hatuwalaumu, kwani mengi waliyoletewa yalikuwa hayo. Kwa hiyo mtu akitaka kuwaambia wazazi kwamba iko filamu inayofaa baba aitazame pamoja na binti zake, hana budi atoe hoja. Sisi twadhani hoja tunayo. Filamu tunayoizungumzia imetengenezwa na msichana aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, ndani ya nchi ya Kiislamu, juu ya mtoto wa Kiislamu mwenye haja moja tu, nayo ni kujua kusoma. Haina ulevi wala mambo ya mapenzi. Ina jambo moja zito inalotuambia sisi watu wazima, na tumeona lisipite hivi hivi.

Jina lake kwa Kiajemi ni "Buda az sharm foru rikht", yaani "Buda Ameporomoka kwa Aibu". Ilitoka mwaka 2007. Aliyeiongoza ni Hana Makhmalbaf, aliyezaliwa Tehran mwaka 1988, na wakati huo hakuwa ametimiza miaka 20. Kisa kiliandikwa na mke wa baba yake, Marzieh Meshkini, ambaye naye ni mwongozaji wa filamu. Ilipata tunzo katika maonyesho ya San Sebastián, nchini Hispania, mwaka 2007, na ya Berlin mwaka 2008. Lakini tunzo za Ulaya si hoja kwetu. Tukitazame kisa chenyewe.

KISA CHA BAKHTAY

Bamiyan ni bonde lililo katikati ya milima ya Afghanistan, na wakaazi wake wengi ni Wahazara, watu walioonja dhuluma nyingi. Katika jabali la bonde hilo palikuwa na masanamu mawili makubwa ya Buda, moja lenye kimo cha mita 55 hivi na la pili mita 38, yaliyochongwa kabla Uislamu haujafika huko. Wenyeji waliposilimu waliendelea kuishi chini yake kwa karne nyingi. Hawakuyaabudu, wala hawakuona haja ya kuyaondoa. Mwezi wa Machi mwaka 2001 Taliban waliyalipua kwa baruti. Filamu inaanza kwa picha za kweli za mlipuko huo: mshindo, moshi, kisha vumbi linalofunika kila kitu.

Kando ya matundu yale mawili yaliyobaki wazi kuna mapango, na humo familia maskini zilifanya makazi. Katika pango mojawapo anaishi Bakhtay, mtoto wa kike wa kama miaka sita, ambaye mama yake ametoka na kumwachia mtoto mchanga amwangalie. Jirani yake ni mvulana mdogo aitwaye Abbas. Abbas anakwenda skuli, na siku hiyo yuko nje ya pango anasoma kwa sauti. Anasoma herufi, kisha anasoma kijihadithi cha kuchekesha juu ya mtu aliyelala chini ya mti akaangukiwa kichwani na tunda dogo lenye ganda gumu. Bakhtay anakipenda kijihadithi hicho. Anataka akisome mwenyewe, asingoje kusomewa. Hiyo ndiyo sababu yake yote ya kutaka skuli. Hakuna aliyemhubiria maendeleo wala haki za wanawake. Amesikia kisa kitamu akatamani ufunguo wake.

Anaambiwa kwamba asiye na daftari na kalamu hawezi kwenda skuli. Fedha hana. Basi anachukua mayai machache ya nyumbani na kwenda nayo sokoni. Hapo ndipo filamu ilipo na nguvu zake zote. Yule mtoto, ambaye kichwa chake hakifiki kwenye mbao za wauzaji, anazunguka na mayai mkononi akiwauliza watu wazima kama watanunua. Wengi hawamtazami hata usoni. Mengine yanamvunjikia. Mtu mmoja hataki yai, anataka mkate. Basi mtoto anakwenda kubadilisha mayai kwa mkate, na mkate kwa fedha. Fedha hizo zinatosha daftari tu. Kalamu ya risasi hapati, na badala yake anachukua rangi ya mdomo ya mama yake, akisema moyoni kwamba nayo itaandika.

Anafuatana na Abbas mpaka skuli. Mwalimu anamwambia kwamba hapa ni pa wavulana, skuli ya wasichana iko kule, ng'ambo ya mto. Anaondoka peke yake. Njiani anakutana na kundi la wavulana wenye fimbo walizozifanya bunduki, nao wanacheza mchezo wa Taliban. Wanamnyang'anya daftari, wanachana karatasi zake na kuzichezea. Wakiiona rangi ya mdomo wanamhukumu kuwa ni mkosaji, wanachimba shimo, wanamtia ndani, na kuokota mawe. Ndani ya pango wamekwisha kuwaweka wasichana wengine waliofunikwa vichwa kwa mifuko ya karatasi, na kosa la mmoja wao ni kuwa na macho mazuri.

Bakhtay anaponyoka, na hatimaye anafika kwenye skuli ya wasichana. Huko nako hapati nafasi. Kila benchi lina wenyewe, na wasichana hawataki kusogea. Mwalimu wa kike ameuelekeza uso ubaoni, anaandika, haoni kinachotendeka nyuma yake. Rangi ya mdomo inawavutia watoto, wanaanza kupakana mashavuni, na mwalimu anapogeuka mgeni ndiye anayetolewa nje. Njiani kurudi anakuta wavulana wale wale, na safari hii mchezo wamegeuza: sasa wao ni Wamarekani, na yeye ni adui wa kutafutwa. Abbas anamwambia ajiangushe chini, afe kama wao wanavyotaka, kwani asipokufa hatakuwa huru. Bakhtay anakataa, kisha anajiangusha, na picha za Buda akiporomoka zinarudi.

NI NANI ALIYEMZUIA?

Watu wengi walioandika juu ya filamu hii huko nje wameshikamana na wale wavulana wenye fimbo. Si ajabu, kwani tukio la shimo na mawe linatisha. Lakini mimi niliitazama nyumbani pamoja na bibi yangu, na ni yeye aliyenifanya nitazame upya. Tulipofika pale mwalimu wa wavulana anapomwelekeza mtoto ng'ambo ya mto, bibi alisema: "Yule mwenye fimbo utamkimbia. Huyu mwenye adabu utamfanyaje?"

Bibi yangu alisoma chuoni. Alihitimu Qur'ani, na barua zake za Kiswahili aliziandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri ambao ndugu zake walikuwa wakimletea wawaandikie watu wao wa mbali. Skuli hakupelekwa. Hakuna aliyemkataza kwa ukali. Kila mwaka palikuwa na udhuru, mara mdogo wake hana mtu wa kumlea, mara njia ni ndefu, mara mwakani. Miaka mingi baadaye alikwenda ofisi moja kwa ajili ya karatasi za nyumba, na karani akamsogezea kidau cha wino aweke dole gumba. Yeye aliyekuwa mwandishi wa mtaa mzima aliandikwa kuwa hajui kuandika. Hakusema neno, lakini dole lile hakulisahau.

Basi tuwahesabu waliokutana na Bakhtay siku ile. Mwenye duka hakumchukia, alitaka fedha yake tu. Wanunuzi sokoni hawakumdhulumu, walikuwa na shughuli zao. Mwalimu wa wavulana alifuata utaratibu wa skuli yake. Wasichana hawakusogea kwa sababu benchi lilikuwa limejaa. Mwalimu wa kike alitaka utulivu darasani. Kila mmoja ana udhuru, na udhuru wa kila mmoja ukiupima peke yake utauona wa kweli. Ukizikusanya nyudhuru zote pamoja, mtoto hakusoma.

Hili ndilo jambo zito tulilolitaja mwanzoni, na kwa maoni yetu ndilo lililoifanya filamu hii istahili kutazamwa. Binti Makhmalbaf angeweza kutengeneza kisa chepesi zaidi, chenye dhalimu mmoja na maskini mmoja, tukamlaani dhalimu tukaenda kulala. Yeye ametuonyesha kwamba kabla mtoto hajafika kwenye mikono ya wale wenye mawe, alikwisha kupita mbele ya watu wengi wasiokuwa na mawe, na hakuna hata mmoja aliyemshika mkono akamvusha. Lau mwalimu yule wa kwanza angemtuma mvulana mmoja mkubwa amfikishe mtoto ng'ambo, wenye fimbo wasingempata peke yake njiani.

MCHEZO WA WATOTO

Juu ya wale wavulana nao yako ya kusema. Si wabaya kwa asili yao. Mtoto hucheza kile alichokiona. Watoto wetu hucheza harusi, hucheza mwalimu na wanafunzi, hucheza nahodha na mabaharia, kwa sababu hayo ndiyo wayaonayo. Watoto wa Bamiyan waliona vita, wakacheza vita. Na filamu imefanya insafu ilipoonyesha kuwa fimbo zile zile zilikuwa za Taliban asubuhi na za Wamarekani jioni, na aliyetafutwa mara zote mbili ni msichana yule yule. Wakubwa wanabadilishana majina na bendera, mdogo anabaki shimoni.

Mwislamu akiliona shimo lile haiwezekani asikumbuke Qur'ani Tukufu. Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakiwazika binti zao hai, na Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ametueleza katika Sura ya At-Takwir kwamba Siku ya Kiyama mtoto yule ataulizwa ni kwa dhambi gani aliuawa. Ataulizwa yeye, ili wenye kumzika wafedheheke. Uislamu ulikuja kufukia mashimo hayo. Basi anayechimba shimo jipya kwa ajili ya binti anayekwenda kusoma, akadai kwamba ameagizwa na dini, amerejea Jahiliya kwa mlango wa nyuma. Wavulana wale hawana kadhi, hawana shahidi, hawana dalili. Wana rangi ya mdomo ya mama wa mtu, na kwao hiyo imetosha kuwa hukumu.

YALIYOTUPUNGUKIA

Haikuwa haki kuisifu filamu hii bila ya kutaja kasoro zake.

La kwanza ni la ufundi. Nusu ya mwanzo, ya pango, mayai na soko, inakwenda kwa utulivu, nasi tunasahau kwamba tunatazama senema. Nusu ya pili inaanza kusema mno. Wavulana wanapotamka hukumu zao, mara nyingine husikii mtoto anacheza, unasikia mtu mzima anasema kwa kinywa cha mtoto. Jambo tulilokwisha kulifahamu kwa macho linarudiwa kwa maneno, kisha kwa alama, kisha tena kwa maneno. Kijana aliyeweza kutuliza kwa yai lililovunjika hakuhitaji kutupigia kelele.

La pili ni ule ushauri wa mwisho, kwamba afe ndipo awe huru. Twafahamu kuwa ni mchezo ndani ya mchezo, na kwamba Abbas amechoka kupigwa na ametafuta hila ya kuokoka. Lakini filamu imeuweka mwisho, na la mwisho ndilo mtazamaji analotoka nalo. Mwislamu hawezi kumwachia binti yake neno hilo. Hatuwafundishi watoto kujifisha ili waachwe. Twawafundisha subira, na subira si kulala chini. Ni Bakhtay mwenyewe aliyetufundisha hivyo mchana kutwa: amekataliwa mara ngapi, na kila mara amesimama tena. Mwisho wa filamu umemdhulumu mtoto wa mwanzo wa filamu.

La tatu ni kwamba humo hatukuonyeshwa mtu mmoja mwenye elimu ya dini akisimama upande wa mtoto. Mtazamaji wa San Sebastián au wa Berlin asiyejua chochote juu yetu aweza kutoka akidhani kwamba dini ndiyo iliyochimba shimo. Ingefaa ajue kwamba neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume Muhammad (s.a.w.) lilikuwa amri ya kusoma, na kwamba katika aya hizo hizo za mwanzo imetajwa kalamu. Ajue kwamba wanawake wa Madina walimwendea Mtume wakalalamika kuwa wanaume wamewashinda katika kumsikiliza, akawawekea siku yao ya mafundisho. Ajue juu ya Bibi Shifaa binti Abdillahi, aliyemfundisha kuandika Bibi Hafsa, mke wa Mtume. Na juu ya Bibi Aisha, ambaye masahaba wakubwa walikuwa wakimwendea kumwuliza. Hayo si mambo ya siri, yamo vitabuni mwetu. Lakini hapa nasi tusiwe wepesi wa kujitetea. Msichana wa miaka 19 hakuyaacha hayo kwa sababu anaichukia dini. Huenda aliyaacha kwa sababu hakuyaona yakitendwa mbele yake. Lawama hiyo ni ya wenye vitabu kabla haijawa yake.

Na jina lenyewe, Buda kuporomoka kwa aibu, lahitaji maelezo. Mwaka 2001 baba yake, Mohsen Makhmalbaf, aliandika makala ndefu juu ya Afghanistan. Hoja yake ni kwamba dunia ilililia sanamu, wala haikuwalilia maelfu ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Na akasema kwamba sanamu lile halikubomolewa, bali liliporomoka lenyewe kwa kuona haya. Ni maneno makali na mazuri. Lakini kwetu sisi jiwe halioni haya. Haya ni sehemu ya imani, na mwenye kupaswa kuiona ni mwanadamu.

KIJANA ALIYEITENGENEZA

Kuna jambo la kustaajabisha katika maisha ya Hana Makhmalbaf. Huyu anayewatetea wasichana waende skuli, yeye mwenyewe aliacha skuli akiwa na umri wa miaka 8, baada ya kumaliza darasa la pili. Baba yake aliigeuza nyumba yao kuwa mahali pa kufundishia, na humo wakasoma mkewe na watoto wake. Dada yake mkubwa, Samira, alitengeneza filamu yake ya kwanza, "Tufaha", akiwa na miaka 17, na mwaka 2003 akatoa nyingine, "Saa Kumi na Moja Jioni", juu ya msichana wa Kabul anayekwenda skuli kwa siri na kutamani kuwa rais. Katika upigaji wa filamu hiyo Hana, akiwa na umri wa miaka 14, alizunguka na kamera ndogo akimpiga picha dada yake kazini. Kwa kuwa alikuwa mtoto watu hawakumjali, na kwa kutojaliwa alipata picha ambazo mkubwa asingezipata. Humo tunamwona Samira akiwasihi na kuwashinikiza Waafghani waigize, pamoja na mwalimu mmoja wa kike aliyesitasita, na tunaiona khofu yao. Hana hakuificha khofu hiyo ili kulinda jina la dada yake. Hiyo ni amana, na wazee wengi hawana.

Baadhi ya watu watasema: Basi mwacha skuli anawezaje kuwahimiza wenziwe waende skuli? Sisi twaona kuwa jibu limo katika kisa chenyewe. Hana aliacha jengo, hakuacha elimu. Nyumbani kwake kulikuwa na vitabu, kamera, baba mwenye kufundisha na mama wa kambo mwenye kazi yake ya kuandika na kuongoza. Bakhtay hana hata kimoja katika hivyo. Kwa mtoto wa pangoni daftari moja ndiyo maktaba yake, na benchi la skuli ndiyo nyumba yake ya elimu. Mwenye kushiba aweza kuuacha mkate mezani. Asimwambie mwenye njaa kwamba mkate hauna maana. Hana hakusema hivyo. Aliutoka utoto wake wenye neema akaenda Bamiyan kumtafuta asiyekuwa nayo.

YALE YANAYOTUHUSU

Ndugu msomaji, usidhani kwamba tunasoma juu ya nchi ya mbali ili tujione bora. Pwani yetu ina sifa yake katika jambo hili. Karne ya 19, mwaka 1858 kwa hesabu ya wataalamu, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utendi, na katika kuuanza anamwita mwanawe aje karibu na wino na karatasi. Mtu aweza kuzungumza apendavyo juu ya mawaidha yaliyomo, lakini lile la wino halina ubishi: mama yule alimjua mwanawe kuwa ni mwenye kuandika. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa naye, katika gazeti lake la Al-Islah la mwaka 1932, aliwaamsha Waislamu juu ya elimu, ya wanawake pia. Na Unguja skuli ya kwanza ya serikali kwa ajili ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927, na haikujaa mpaka wazee walipohakikishiwa kwamba mabinti watalindwa heshima zao.

Lakini sifa ya wazee haimsomeshi mtoto wa leo. Kila mtu atazame nyumbani kwake. Mama akiugua, ni mtoto gani anayebakishwa nyumbani kulea? Fedha zikiwa chache, daftari la nani linanunuliwa kwanza? Ni nani anayezungushwa mtaani na sinia la vitumbua saa ambazo wenziwe wako darasani? Hakuna aliyechimba shimo katika mitaa yetu, Alhamdulillahi. Nyudhuru, hata hivyo, tunazo kama walivyokuwa nazo watu wa sokoni Bamiyan, na kila moja ina adabu yake.

Katika Afghanistan yenyewe hali imerudi pabaya. Taliban waliushika tena mji wa Kabul mwezi wa Agosti mwaka 2021. Mwezi uliofuata wavulana wa skuli za sekondari walirejeshwa madarasani, wasichana wakaambiwa wangoje. Tarehe 23 Machi mwaka 2022, siku waliyoahidiwa kufunguliwa, walifika wamevaa nguo za skuli, wakarudishwa majumbani siku hiyo hiyo. Desemba mwaka 2022 wakafungiwa vyuo vikuu. Zaidi ya wasichana milioni moja wamekatiwa masomo yao baada ya darasa la sita. Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed el-Tayeb, alitamka mwezi huo huo kwamba katazo hilo linakwenda kinyume na Sharia ya Kiislamu. Basi yule mtu mwenye elimu ya dini ambaye hatukumwona ndani ya filamu, mara hii alisema, na alisema wazi. Na wazazi wajue hivyo, wasije wakadanganywa kwamba mfungaji wa milango ndiye mwenye dini zaidi.

Hana Makhmalbaf hakuiacha kazi yake. Mwaka 2023 alitoa filamu ya matukio ya kweli iitwayo "Orodha", inayoonyesha familia yake, wakiwa mbali, wakihangaika kwa simu kuwatoa wasanii wa Afghanistan katika siku zile za Kabul kuanguka. Wako waliookoka, na wako waliobaki nyuma ya lango la uwanja wa ndege. Watoto wa umri wa Bakhtay wakati filamu yake ilipotoka sasa ni watu wazima. Wengi wao waliwahi kusoma katika ile miaka ishirini ya nafasi, na leo wadogo zao na binti zao wamesimama pale pale alipokuwa amesimama Bakhtay, daftari mkononi.

Twamshauri mzazi aitafute filamu hii aitazame na watoto wake wakubwa. Wadogo wasiitazame peke yao, kwani lile shimo litawatisha usiku. Ikiisha asiwaulize watoto wamefahamu nini juu ya Taliban. Awaulize: Katika wale wote aliokutana nao Bakhtay, ungekuwa wewe ni yupi? Na yeye mwenyewe ajiulize kabla yao.

Bibi yangu alijibu bila ya kuulizwa. Filamu ilipokwisha alikaa kimya kidogo, kisha akamwita mjukuu wake wa mwisho, mtoto wa kike wa darasa la kwanza, akamwambia alete daftari lake. Akaomba afundishwe kuandika jina lake kwa herufi hizi za skuli. Ana zaidi ya miaka themanini.

Mwenyezi Mungu awafungulie milango binti zetu na binti za ndugu zetu wa Afghanistan, na atujaalie sisi tuwe wenye kuwavusha, tusiwe wenye kuwaelekeza ng'ambo na kuwaacha njiani. Amin.